Sijambo ya Laurenti

Kila asubuhi Emiliana alikuwa na kazi mbili kabla ya kwenda kwenye genge lake pale Utemini. Ya kwanza ilikuwa kupanga nyanya, vitunguu na mafungu ya mlenda kwenye beseni. Ya pili ilikuwa kupiga magoti mbele ya mumewe na kumfunga kamba za viatu.

Mumewe, Laurenti, alikaa kwenye kiti cha mbao. Aliangalia ukutani mpaka kazi hiyo iishe.

"Umebana sana, mama Dina."

"Nikilegeza utajikwaa."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto angenisaidia kuinua mguu," Emiliana alimjibu.

Wakacheka wote wawili. Laurenti alicheka kidogo tu, maana hata kucheka kulimuumiza mgongo.

Zamani hakuwa hivyo. Laurenti alikuwa mbeba magunia kwenye kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida. Gunia la lumbesa, lile la kujazwa mpaka linafura, alilitia mgongoni. Alipanda nalo ubao mpaka juu ya lori, kisha akashuka anapiga mluzi. Msimu uliopita rundo la magunia lilimporomokea. Akalazwa hospitali. Alipotoka, mgongo haukuwa ule tena, na mguu wa kushoto ulikufa ganzi mara kwa mara.

Kwa bahati nzuri kiwanda kilikuwa kinachangia mfuko wa fidia. Huu ni mfuko unaochangiwa na waajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote. Mtu akiumia kazini, mfuko unamtibu na kumlipa. Msimamizi wa kiwanda, bwana Gasto, alitoa taarifa ya ajali mapema, na matibabu yakalipwa. Ikabaki hatua moja, nayo ni tathmini ya ulemavu. Maana yake, daktari amwangalie Laurenti, aandike ameumia kiasi gani na kazi zipi hataziweza tena. Malipo ya mbele yangetokana na tathmini hiyo.

Hapo ndipo Laurenti alipoharibu.

Usimcheke haraka, msomaji. Kosa lake ni kosa la watu wenye adabu. Laurenti alijua anakwenda kuonana na mtu mkubwa ofisini. Akanyoa ndevu. Akavaa shati la kanisani, limepigwa pasi. Akameza dawa za maumivu alizoandikiwa, akaongeza na nyingine juu yake ili asiaibike. Emiliana alitaka kumsindikiza, akamkatalia.

"Mwanaume mzima niende kwa daktari nimeshikwa mkono na mke wangu?"

Alipofika getini alimpa mlinzi fimbo yake ya kutembelea.

"Nitunzie hii. Nisije nikaonekana ombaomba mle ndani."

Daktari alikuwa binti, jina lake Jenipher. Umri wake haukupishana sana na wa Dina, mtoto wao aliyekuwa chuoni Dodoma. Alipomwona Laurenti mlangoni, aliinuka kwenye kiti chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe unaendeleaje, baba?"

"Mimi sijambo kabisa. Namshukuru Mungu."

"Na maumivu ya mgongo?"

"Ya kawaida tu. Umri nao unakwenda."

"Kiwandani unafanya kazi gani?"

"Vikazi tu vya hapa na pale."

"Kuvaa, kuoga, kutembea, unaweza mwenyewe?"

"Hayo yote naweza."

"Hebu jaribu kuchuchumaa, baba."

Laurenti alishika ukingo wa kitanda. Akauma meno. Akateremka nusu, jasho likamtoka. Jenipher alimwona mtu mzima, rika la baba yake, anahangaika mbele yake. Akaona haya kumsumbua zaidi.

"Basi, baba. Inatosha. Pole."

Laurenti alitoka pale amefurahi. Alichukua fimbo yake kwa mlinzi, akamwambia, "Nimefaulu."

*

Kweli alifaulu. Barua ya majibu ilipofika, Gasto aliileta mwenyewe nyumbani, uso umejaa tabasamu.

"Hongera, mzee Laurenti. Wanasema umepona. Hawajaona ulemavu wa kudumu. Unaweza kurudi kazini kwako kama zamani."

"Kama zamani?" Emiliana aliuliza.

"Ndiyo. Tena umepona wakati mzuri. Msimu umeanza, magunia yanaingia kila siku. Jumatatu nakutegemea."

Laurenti alijinyoosha kitini. "Nitakuja, bosi."

Gasto alipoondoka, Emiliana aliketi chini palepale mlangoni.

"Utabeba nini wewe? Beseni langu tu huwezi kuninyanyulia."

"Nitajikaza."

"Yule daktari wa wodini alituambiaje? Alisema ukibeba mzigo mzito tena miguu yote miwili inaweza kugoma. Mimi nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Sasa unataka nifanyeje? Nisipokwenda, kazi imekwisha na malipo hakuna. Tule nini? Nyanya?"

Genge lile lilikuwa linawalisha wote watatu, na lilikuwa dogo. Emiliana aliogopa njaa, lakini siku hiyo aliogopa zaidi Jumatatu. Aliliona gunia, akauona na mgongo wa mumewe chini yake.

*

Jioni hiyo gengeni mteja mmoja aliomba vitunguu, Emiliana akampimia nyanya. Mteja huyo alikuwa Editha, afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kwao ni Iramba, lakini alikuwa amepanga Utemini siku nyingi. Yeye na Emiliana walikuwa rika moja, na walizoeana.

"Mama Dina, leo akili iko wapi?"

Emiliana alitaka kusema hakuna kitu, machozi yakamtangulia. Akamweleza yote, tangu magunia mpaka barua. Editha alisikiliza bila kumkatiza.

"Barua inasema mnaweza kupinga?" aliuliza mwishoni.

"Sijui. Tulisoma pale penye 'amepona', basi."

"Kasome mpaka chini. Huwa wanaandika kwamba mtu asiporidhika anaweza kuomba hali yake iangaliwe upya. Na huwa wanataja muda. Muda huo ukipita, unakuwa umejifungia mlango mwenyewe. Msikae nayo."

"Lakini daktari ameshasema mzima. Nani atatusikiliza sisi?"

"Daktari aliulizwa na mfuko, naye alimuuliza nani?"

"Alimuuliza baba Dina."

"Basi kesho nakuja kumuuliza mimi," Editha alisema. "Na hizo nyanya nazichukua. Ila vitunguu bado nadai."

*

Jumamosi Editha alifika mapema. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa mkewe, Laurenti alikuwa shemeji yake, na utani kati yao ulikuwa wa kila siku.

"Shemeji, nimekuja kukuchunguza."

"Chunguza. Mimi mzima."

"Vizuri. Basi, mzima, nisimulie siku yako. Umeamka. Unafanya nini?"

"Natoka kitandani."

"Unatokaje?"

"Kama watu wote."

Emiliana alikohoa. "Ananiita. Namgeuza ubavu, halafu namvuta mikono yote miwili. Siku za baridi tunavutana mpaka chai inapoa."

"Shemeji, watu wote wanavutwa?"

Laurenti alirekebisha kola ya shati lake.

"Viatu unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

"Kamba anafunga nani?"

Laurenti aliangalia ukutani.

"Maji unabeba?"

"Dumu nabeba."

"Dumu la mafuta ya kula," Emiliana alisema. "Lile dogo. Tena nusu."

"Usiku unalala?"

"Nalala vizuri."

"Anakaa," Emiliana alisema. "Anaegemea ukuta. Nikimuuliza, ananiambia anawaza."

"Mama Dina, wewe ni mke wangu au ni polisi?"

"Mke wako. Ndiyo maana najua."

Editha alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na chooni, shemeji?"

Laurenti alitaka kusimama aondoke. Lakini hata kusimama kwa hasira kulihitaji fimbo, na fimbo ilikuwa mbali.

"Hayo si ya kuuliza."

"Ningekuwa mdogo wako nisingeuliza. Mimi shemeji yako, nina ruhusa. Tena ndiyo kazi yangu. Choo chenu ni cha kuchuchumaa, na mgongo wako naujua. Unafanyaje?"

Emiliana alishika pindo la kanga yake, akasubiri. Hilo hakutaka kulisema yeye.

"Ananishika," Laurenti alisema, sauti imeshuka. "Anaingia na mimi. Ananishika makwapani mpaka nimalize. Kila siku. Hata Dina hajui. Siku nyingine sinywi maji, nisimsumbue."

Editha hakutania tena. "Pole sana, shemeji. Pole, mama Dina. Hayo ulimwambia daktari?"

"Nimwambie mtoto yule? Aliniamkia!"

"Kwa hiyo ulimwambiaje?"

"Nilimwambia sijambo." Akasimulia siku ile yote, tangu dawa na fimbo aliyomwachia mlinzi mpaka vile vikazi.

"Naye akaandika hujambo. Hakukuonea, shemeji. Daktari haishi humu ndani. Anaona unachomwonyesha, anaandika unachomwambia. Wewe fimbo ukaificha, dawa ukazidisha mpaka maumivu yakalala, mke ukamwacha nyumbani, na kazi ya magunia ukaiita vikazi vya hapa na pale. Ungekuwa wewe daktari ungeandikaje?"

Laurenti alifikiri. "Ningeandika huyu apewe gunia."

"Basi."

"Lakini, shemeji, mtu anakuuliza unaendeleaje, unaanza kumlilia shida? Kwetu hatukulelewa hivyo."

"Wala mimi. Salamu ijibu kama ulivyolelewa. Sema marahaba, sema sijambo. Salamu ikiisha, akakuuliza mgongo, hiyo si salamu tena. Yuko kazini. Na wewe siku hiyo uko kazini. Kazi yako ni kumwambia ukweli wote."

"Kwa hiyo nikifika nijiangushe chini? Nilie? Kuna mtu kijiweni ameniambia niseme siwezi hata kusimama."

"Usitie chumvi hata chembe!" Editha alisema kwa ukali. "Madaktari wanajua kupima. Wakikukamata na uongo mmoja, hata ukweli wako hawataushika. Na mtu huyo wa kijiweni akikuomba chochote ili akutengenezee mambo, mkimbie. Kuomba haki yako hakuna dalali. Wewe sema ulivyo. Kama unatembea mpaka gengeni, sema unatembea mpaka gengeni. Halafu sema unapumzika mara ngapi njiani, na ukirudi unalala chali mpaka saa ngapi. Siku nzuri iseme, siku mbaya iseme, na useme zipi ni nyingi."

"Mbaya ndizo nyingi," Laurenti alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Emiliana kumsikia akikiri.

"Kliniki unakwenda?"

Laurenti na mkewe walitazamana. Mwanzoni alikuwa anakwenda kwenye mazoezi ya viungo hospitalini. Baadaye aliacha. Alisema kule wanamnyoosha miguu tu kama wanacheza. Akaenda Mgori, kwa mzee mmoja mkandaji, akakandwa kwa mafuta na maji ya moto.

"Kukandwa kulinisaidia," alijitetea.

"Sikatai. Lakini yule mzee wa Mgori hana faili lako. Ukiacha kliniki, faili linaonyesha mtu aliyepotea. Anayelisoma atadhani ulipona ukaendelea na shughuli zako. Rudi kwenye mazoezi, kwa sababu mgongo wenyewe unayahitaji. Na kila ukienda, waambie walioko pale unavyojisikia, ili waandike. Na dawa, shemeji, meza kama ulivyoandikiwa. Kuzidisha kunaweza kukuua."

"Na Jumatatu?" Emiliana aliuliza. Hilo ndilo lililomkaa rohoni. "Gasto anamsubiri Jumatatu."

"Jumatatu aende, lakini asiguse gunia. Kwanza apite hospitali, daktari aliyemtibu aandike kwamba mizigo mizito ni hatari kwake. Karatasi hiyo ampe Gasto, amwambie amepinga majibu. Tena amwombe Gasto aandike kazi yake ilikuwa nini hasa, gunia lina uzito gani, anapanda nalo wapi. Aliyekaa ofisini hajui lumbesa."

Mchana huo waliandika barua ya kupinga. Laurenti alisema, Editha akaandika, Emiliana akasahihisha. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba siku ya tathmini hakueleza hali yake yote, na ikaeleza anachoshindwa kufanya. Walipeleka na nakala za vyeti vya hospitali, nakala nyingine wakabaki nazo. Siku za kupinga zilikuwa bado hazijaisha.

*

Jumatatu Emiliana hakufungua genge. Alikwenda na mumewe hospitali, kisha kiwandani. Uwanja ulikuwa umejaa magunia, na vijana walikuwa wanapanda ubao mbio. Mmoja alimpigia Laurenti kelele za kumkaribisha. Laurenti aliyatazama magunia yale, mikono ikamwasha. Nadhani kama angekuwa peke yake, angejaribu moja.

Gasto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamini barua tu. Alisoma karatasi ya daktari, akamwangalia Laurenti, akaiangalia na fimbo.

"Mbona siku ile uliniambia utakuja?"

"Nilijikaza, bosi."

"Ungejikaza ukanifia hapa uwanjani, mimi ningemwambia nini mama huyu?" Alitikisa kichwa. "Nenda nyumbani. Nitaandika hiyo kazi, na nitaandika kama ilivyo."

Kuanzia hapo Laurenti alirudi kwenye mazoezi. Alilalamika kila alipokwenda, lakini alikwenda. Mwalimu wa mazoezi alipomuuliza hali, mara mbili za kwanza alijibu "safi tu". Emiliana alimfinya. Mara ya tatu alisema mguu ulikuwa umekufa ganzi tangu jana, na mwalimu akaandika.

Nyumbani Emiliana alimfanyisha majaribio wakati anachambua mlenda.

"Haya, mimi daktari. Mzee Laurenti, mgongo unaendeleaje?"

"Sijam—"

"Wee!"

"Unauma," Laurenti alisema. "Unauma, mama Dina. Ridhika sasa."

*

Siku ya kupimwa upya ilifika. Laurenti alinyoa ndevu na akavaa shati lake la kanisani, kwa sababu usafi haujawahi kumnyima mtu haki. Dawa alimeza zile alizoandikiwa tu. Getini mlinzi alinyoosha mkono apokee fimbo.

"Leo naingia nayo," Laurenti alimwambia. "Na huyu naingia naye."

Chumbani walikuwa madaktari wawili. Mmoja alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye miwani. Wa pili alikuwa Jenipher. Laurenti alipomwona tu, alitamani mlango ufunguke arudi nyumbani.

Jenipher alisimama. "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri." Laurenti alivuta pumzi. "Salamu zimekwisha, daktari. Sasa niulize mgongo."

Yule wa miwani alitabasamu. Akaanza kuuliza yeye. Laurenti alieleza. Alisema kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya lumbesa mgongoni, kutwa, kwenye ubao wa lori. Alisema sasa anabeba dumu dogo, nusu. Alisema anatembea mpaka gengeni kwa mkewe, na njiani anakaa kwenye jiwe la jirani kupumzika. Alisema siku za jua ana nafuu, na siku za upepo wa baridi hawezi kugeuka kitandani bila kuvutwa. Alipokwama, Emiliana aliongeza. Alipopunguza, Emiliana alimtazama tu, naye akarudia vizuri.

"Hebu chuchumaa," daktari wa miwani alisema.

Laurenti alishika ukingo wa kitanda kama siku ile. Kisha akauachia.

"Siwezi."

"Kuna lingine linalokusumbua nyumbani?"

Emiliana alimwachia aseme mwenyewe. Laurenti aliangalia sakafu. Mbele yake palikuwa na binti aliyemwita baba, ameshika kalamu. Lakini asipolisema neno moja lililobaki, magunia yote ya Singida yangemrudia mgongoni.

"Chooni," alisema. "Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mke wangu anaingia na mimi. Ananishika kama mtoto mchanga. Tangu nilipotoka wodini mpaka leo asubuhi."

Machozi yalimtoka Laurenti, naye hakuyafuta. Kalamu ya Jenipher ilisimama.

"Baba, mbona siku ile hukuniambia?"

"Uliniamkia, mwanangu. Ukaniita baba. Ningekuambiaje?"

Jenipher aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Hata mimi niliona unateseka, nikaona haya kukuuliza zaidi. Nilidhani nakuheshimu."

"Ulikuwa unaniheshimu," Laurenti alisema. "Tuliheshimiana mpaka tukapotezana."

Wakampima tena, safari hii kwa muda mrefu. Waliinua mguu mmoja mmoja, wakachoma nyayo kwa kitu chenye ncha, wakasoma faili la mazoezi na barua ya Gasto. Laurenti alipoumia, alisema ameumia. Pale pasipouma, alisema hapaumi.

*

Majibu yalikuja wakati alizeti ya mwisho inaingia viwandani. Emiliana aliisoma barua mpaka chini kabisa kabla ya kusema neno. Madaktari walikubali kwamba Laurenti ana ulemavu wa kudumu wa mgongo na mguu. Hatabeba mizigo tena. Mfuko utamlipa kila mwezi.

"Soma tena," Laurenti alisema.

Akasoma tena. Laurenti alimshukuru Mungu kwa Kinyaturu, kimyakimya, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Malipo hayo hayakuwa ya kumtajirisha mtu. Lakini yalikuwa ya uhakika, na genge halikubeba tena nyumba nzima peke yake. Gasto naye alimwita. Alimpa kiti kirefu chenye egemeo karibu na mizani. Siku ambazo mgongo unaruhusu, Laurenti anakaa pale, anasoma uzito wa magunia na kuwapigia kelele vijana wasibebe lumbesa. Vijana wanamwita mkoloni, naye anafurahi.

Editha alipokuja kupongeza, aliwaeleza jambo lingine. Alikuwa na wateja wengi ofisini wenye shida kama yao. Kuna waliokatika vidole mashineni, kuna walioanguka kwenye majengo.

"Wengi wanajibu kama wewe, shemeji. Na wengi wakikataliwa wanakwenda zao kimya. Nikikuita uje uwaambie, utakuja?"

"Niwaambie hata la chooni?"

"Hilo hasa."

Laurenti alikuna kidevu. "Nitakuja. Lakini wanawake wakae nyuma."

Malipo ya kwanza yalipotoka, Laurenti hakununua kiti wala redio. Alimwita fundi. Fundi alijenga kiti cha saruji juu ya tundu la choo, akakilainisha vizuri. Akafunga na bomba la chuma ukutani, la kushikia. Saruji iliachwa ikauke sawasawa.

Asubuhi ya kwanza Laurenti alichukua fimbo, akatoka uani. Emiliana aliacha beseni lake, akamfuata nyuma kama alivyozoea. Mlangoni Laurenti alisimama.

"Unakwenda wapi, mama Dina?"

"Nakuja kukushika."

"Baki hapo."

Aliingia mwenyewe. Mlango ulifungwa. Emiliana alisikia komeo likisukumwa kwa ndani. Alibaki amesimama, mikono imeinuka kidogo, haijui pa kwenda. Alisubiri asikie kishindo. Hakikuja.

"Baba Dina! Vipi humo?"

"Kwani na wewe unataka nini mlangoni kwa watu?" Laurenti alijibu kutoka ndani. "Nenda gengeni, mwanamke. Wateja wanakungoja."

Emiliana aliketi kwenye jiwe la kufulia, akalia, huku anacheka. Kisha akafuta macho kwa kanga, akatwaa beseni lake, akaenda.